Rais kapinduliwa, atarudi au ndo imetoka hiyo? Namna ya kukadiria

Wakuu habari za saa hizi. Kila ikisikika kwamba nchi fulani jeshi limeingia ikulu, hapa Mwanza vijiwe vinachemka siku hiyohiyo, ukipita mwaloni Kirumba wenye dagaa wanabishana, ukipanda Makoroboi wamachinga wanabishana, kwenye kahawa ndo usiseme, na swali huwa moja tu, huyu mzee anarudi au ndo imetoka hiyo? Na majibu nayo ni yaleyale, aliyekuwa anampenda anasema wiki ijayo yupo ikulu, aliyekuwa hampendi anasema hata nguo zake hazirudi. Huo sio utabiri, huo ni ushabiki wa Simba na Yanga umehamia kwenye siasa za watu.

Sasa hili swali lina namna yake ya kulikadiria, na mtu yeyote mwenye simu ya kupata habari na daftari la shule anaweza. Nawapa ninavyofanya mimi. Na msimamo wangu nautanguliza kabisa usije ukasoma mpaka chini unatafuta siri: rais aliyepinduliwa harudishwi na matamko, wala vikwazo, wala maandamano yakiwa peke yake. Ukiacha wachache wanaorudi kwa kura baada ya miaka mingi, anarudishwa na bunduki nyingine iliyokataa kuungana na ile iliyompindua. Kwahiyo kazi yako yote ni kuitafuta hiyo bunduki ya pili, iko wapi, ya nani, na mwenyewe yuko tayari kulipia kiasi gani. Mengine yote ni kelele za redioni.

Kwanza mkubaliane kurudi wapi

Hapa ndo ugomvi mwingi wa vijiweni unaanzia. Amadou Toumani Touré wa Mali alipinduliwa Machi 2012 akakimbilia Dakar, Desemba 2017 akarudi Bamako na watu wakajaa kumpokea. Karudi? Nyumbani karudi, kwenye kiti hajarudi hata siku moja. Evo Morales wa Bolivia aliondoka Novemba 2019 baada ya mkuu wa majeshi kumtaka ajiuzulu, mwaka uliofuata chama chake kikashinda uchaguzi naye akaingia nchini mwezi Novemba, ila aliyekaa ikulu alikuwa Luis Arce sio yeye.

Afu kuna kisa cha Manuel Zelaya wa Honduras, hiki ndo kinavunja urafiki. Juni 2009 wanajeshi walimtoa kitandani na nguo za kulalia wakampakia kwenye ndege mpaka Costa Rica. Septemba akajipenyeza akarudi nchini kimyakimya akajichimbia ubalozi wa Brazil, watu wakashangilia karudi karudi, lakini uchaguzi ukafanyika Novemba bila yeye na mwingine akachukua nchi. Januari 2022 mke wake Xiomara Castro akaapishwa kuwa rais baada ya kushinda uchaguzi, kwahiyo jamaa kaingia ikulu kweli, kama mume wa rais. Huyo mnamhesabia nini?

Ndo maana swali liandikwe hivi: "Je, fulani atakuwa amekaa tena kwenye kiti cha urais, akiwa na madaraka, kabla ya tarehe fulani?" Jina, kiti, tarehe. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu usiweke dau, maana siku ya kulipana kila mtu atakuwa na tafsiri yake na soda hamtakunywa.

Anza na picha mbaya

Mtu akisikia rais kapinduliwa anaanza na stori ya huyo rais, alichaguliwa kihalali, ana marafiki Ulaya, wananchi wanampenda. Usianzie hapo. Anza kwa kuuliza wenzake waliopita hiyo njia iliwakuta nini.

Chukua Afrika kuanzia 2020 mpaka 2023 tu. Keïta wa Mali Agosti 2020, Bah Ndaw hukohuko Mali Mei 2021, Alpha Condé wa Guinea Septemba 2021, Kaboré wa Burkina Faso Januari 2022, Damiba aliyempindua Kaboré naye akapinduliwa Septemba mwaka huohuo, Bazoum wa Niger Julai 2023, Ali Bongo wa Gabon Agosti 2023. Saba hao. Aliyerudi kwenye kiti hakuna. Sudan Oktoba 2021 ilikuwa waziri mkuu, Abdalla Hamdok, yeye alirudishwa Novemba baada ya kusaini makubaliano na jenerali aliyemtoa, akakaa wiki sita tu akajiuzulu mwenyewe tarehe 2 Januari 2022. Huyo nawaachia mhesabu mnavyotaka.

Kwahiyo mimi nikisikia mapinduzi yamekamilika naanza na 7 au 8 kwa 100. Hiyo namba ni makadirio yangu, sio ya mtaalamu yeyote, we unaweza kuanza na 5 au 10, ila ukianzia 50 kwa 50 kwa sababu "hatujui" ujue umeshampa huyo rais zawadi ambayo historia haijampa.

Nimesema yamekamilika. Hilo ni jambo lingine kabisa na mapinduzi ambayo bado yanapigwa. Saa 48 za mwanzo usiandike namba kubwa wala ndogo mpaka ujue kama kituo cha redio ya taifa kimetulia mikononi mwa mtu mmoja. Jirani zetu hapa wanatufundisha vizuri. Tarehe 1 Agosti 1982 vijana wa jeshi la anga Kenya waliteka Sauti ya Kenya asubuhi, Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, nchi nzima ikaamini, lakini jeshi la nchi kavu halikuwa nao, wanajeshi chini ya Mahmoud Mohamed wakakikomboa kituo na kabla siku haijaisha Moi bado ni rais. Kiongozi wao Ochuka akakimbilia huku kwetu Tanzania, baadae alirudishwa Kenya akanyongwa 1987. Na Burundi tarehe 13 Mei 2015, Nkurunziza yuko Dar kwenye kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Niyombare anatangaza redioni kamng'oa. Kesho yake risasi zinarindima kwenye kituo cha redio na televisheni ya taifa Bujumbura, waliopindua wakashindwa kukichukua, tarehe 15 wengine wameshajisalimisha na Nkurunziza yuko nchini kwake. Aliyekimbilia kuandika "imetoka hiyo" jioni ya tarehe 13 alichanika mkeka.

Bunduki ya pili ya ndani

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Swali la kwanza sio nani kapindua, ni nani hajapindua. Walioingia ikulu ni walinzi wa rais peke yao? Ni jeshi la anga? Makapteni wa kambi moja? Au ni mkuu wa majeshi mwenyewe amekaa katikati na makamanda wote nyuma yake kwenye televisheni? Ukiona hiyo picha ya mwisho, makamanda wa nchi kavu, anga, polisi, wote wamepangwa nyuma ya msemaji, kata namba yako nusu hapohapo.

Mfano mzuri wa ndani ni Burkina Faso 2015. Tarehe 16 Septemba walinzi wa ikulu, kikosi kinaitwa RSP, waliingia kwenye kikao cha baraza la mawaziri wakamkamata Rais wa mpito Michel Kafando na waziri mkuu wake. Jenerali Diendéré akajitangaza kiongozi. Kikosi kile kilikuwa na silaha nzuri na kiburi, lakini kilikuwa kikosi kimoja tu cha watu kama elfu moja na kitu, na jeshi lililobaki lilikuwa halikipendi siku nyingi kwa sababu kilikuwa kinalipwa na kutunzwa kuliko wao. Mikoani vikosi vikakataa, tarehe 21 vikaanza kuingia Ouagadougou kutoka kila upande, huku vyama vya wafanyakazi vimegoma na vijana wamefunga barabara. Tarehe 23 Kafando karudi kwenye kiti. Wiki moja. Hapo maandamano yalisaidia, sikatai, lakini yalisaidia kwa sababu kulikuwa na wanajeshi wa kuyaegemea.

Venezuela 2002 ndo hivyohivyo. Chávez anakamatwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Aprili, mfanyabiashara Pedro Carmona anaapishwa na siku hiyohiyo anafuta bunge na mahakama kuu, yani hata waliomuunga mkono wakashtuka. Walitangaza Chávez kajiuzulu, kumbe hajajiuzulu, akaandika karatasi kwa mkono wake askari mmoja akaitoa nje. Makomando wa miavuli kule Maracay chini ya Jenerali Baduel wakagoma kumtambua Carmona, walinzi wa ikulu wakairudisha ikulu mikononi mwao, mitaa imejaa watu. Alfajiri ya tarehe 14 Chávez anashuka na helikopta. Angalia vizuri, alikuwa mfungwa kabisa, yuko kisiwani, na bado alirudi.

Nasema hivyo kwa sababu kuna watu wanaamini kitu cha kuangalia ni kama rais alikuwa nje ya nchi. Eti ukisafiri umekwisha. Obote alikuwa Singapore, Nkrumah alikuwa njiani kwenda Hanoi akapata habari akiwa Beijing, Mancham wa Shelisheli alikuwa London, Ould Taya wa Mauritania alikuwa Saudia kwenye mazishi ya Mfalme Fahd, ni kweli wote hao viti vilikwenda. Lakini Haile Selassie alikuwa Brazil Desemba 1960 akarudi akakuta waasi wameshazimwa, Jawara wa Gambia alikuwa London kwenye harusi ya Charles na Diana 1981, de Menezes wa São Tomé alikuwa Nigeria Julai 2003, na Nkurunziza nimeshamtaja. Hao walirudi wote. Safari haisemi chochote. Kinachosema ni kama umeacha nyuma kikosi kinachokutii, au jirani anayekuhitaji.

Na sisi wenyewe hatuko mbali na hii somo. Januari 1964 askari wa Colito, siku hizi Lugalo, waliasi, wakaingia Dar, Mwalimu akafichwa, Kambona ndo akaenda kuongea nao. Hayakuwa mapinduzi kamili, walitaka mishahara na maafisa wa Kiingereza waondoke. Ila kilichomaliza ni bunduki ya pili, makomando wa Uingereza walishuka tarehe 25 kutoka melini kwa ombi la Nyerere mwenyewe, na jeshi lote likavunjwa likaundwa upya.

Bunduki ya pili ya nje

Kama ndani hakuna, geuka nje. Na hapa usiulize nani amelaani, kila mtu hulaani, Umoja wa Afrika husimamisha uanachama, Umoja wa Mataifa huwa "una wasiwasi mkubwa". Uliza mambo mawili. Nani ana wanajeshi karibu? Na huyo anaumia nini rais asiporudi?

Sierra Leone 1997, Tejan Kabbah anapinduliwa tarehe 25 Mei anakimbilia Conakry. Wanajeshi wa Nigeria walikuwa tayari wapo nchini humo, wameshika uwanja wa ndege wa Lungi, na Abacha, mtawala wa kijeshi wa Nigeria, alitaka kuonekana baba wa kanda. Februari 1998 wakaingia Freetown kwa nguvu, tarehe 10 Machi Kabbah karudi. Miezi tisa na nusu. Gabon 1964, Léon M'ba anatolewa mwezi Februari, Ufaransa inashusha makomando wa miavuli, siku mbili tu mzee kiti kimerudi, maana Ufaransa ilikuwa na makubaliano ya ulinzi na ilikuwa na maslahi pale chini ardhini. Gambia 1981, Senegal imeizunguka nchi yenyewe pande tatu, ikaingia. Haiti, Aristide alitolewa Septemba 1991, akakaa uhamishoni miaka mitatu, na kilichoisukuma Marekani sio huruma, ni mashua za wakimbizi waliokuwa wanamiminika kuelekea Florida. Septemba 1994 ndege zimeshapaa, Carter, rais wa zamani wa Marekani, yuko mezani na Jenerali Cédras aliyeshika nchi, ndo jenerali akakubali kuachia. Tarehe 15 Oktoba Aristide akarudi.

Ila wanajeshi kuwa karibu hakutoshi, na hii ndo Niger inatufundisha. Ufaransa ilikuwa na askari kama 1,500 ndani ya Niger, Marekani zaidi ya 1,000, na hakuna aliyenyanyua mguu. Kwanini? Kwa sababu rais mwenyewe Bazoum, yeye na familia yake, walikuwa chumbani mikononi mwa waliompindua, ukishambulia waliompindua wanaweza kumuua, jeshi lote lilikuwa limeshaungana, na majirani Mali na Burkina walitangaza kwamba atakayeivamia Niger ameingia vitani na wao. Bei ilipanda ghafla. Ukiona bei imepanda hivyo, namba yako ishuke hata kama matamko yanazidi kuwa makali.

Vikwazo je? Wazee wa kanda hii wanakumbuka Burundi 1996. Buyoya alimpindua Ntibantunganya tarehe 25 Julai, rais mwenyewe akiwa kajihifadhi nyumbani kwa balozi wa Marekani. Wiki haijaisha marais wa jirani wakakaa Arusha, Tanzania ikiwemo, wakaifungia Burundi biashara. Nchi haina bahari, imezungukwa, kama kuna mahali vikwazo vingefanya kazi ilikuwa pale. Vilikaa mpaka Januari 1999. Vilimsukuma Buyoya kwenye meza ya mazungumzo kweli, lakini Ntibantunganya hakurudi. Kwahiyo ukisikia vikwazo, usiongeze namba hata moja. Vinabadilisha mazungumzo, kiti havibadilishi.

Obote, maana huku ndo kwetu

Siwezi kuandika hili swala nikiwa pembeni ya ziwa nikamruka Obote, maana yeye kapitia kila njia mtu mmoja anaweza kupitia. Tarehe 25 Januari 1971 Amin anampindua. Nyerere anamkaribisha Dar na kugoma kabisa kumtambua Amin. Ukikadiria siku ile ungesema ana bunduki ya nje, jirani rafiki, mpaka unaungana, basi anarudi mwaka huuhuu. Septemba 1972 walijaribu. Wapiganaji wakavuka mpaka upande wa Kagera, wengine walitakiwa kupaa mpaka Entebbe na ndege ya shirika la Afrika Mashariki, ndege ikapasuka matairi ikitua Kilimanjaro mpango ukafia hapo. Waliovuka kwa miguu wakapigwa, na Amin akatuma ndege kulipua Bukoba na Mwanza. Mwezi Oktoba yakasainiwa makubaliano Mogadishu, kila mtu akae kwake. Bunduki ya pili ilikuwepo lakini mwenyewe hakuwa tayari kulipia bei nzima.

Bei nzima ilikuja kulipwa baada ya Amin kuivamia Kagera Oktoba 1978. Sasa hapo haikuwa tena habari ya kumrudisha rafiki. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza, ikaukosa mji wote, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama waliokuwa wanafugwa pale hifadhini. Ukisimama Capri Point leo unakiona kile kisiwa, kipo hapo tu, ndo ujue vita ilifika karibu kiasi gani. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Na bado Obote hakurudi! Hapa ndo utamu wa kisa. Kwenye mkutano wa Moshi mwezi Machi 1979 aliwekwa pembeni, maana Waganda wengi walikuwa hawamtaki tangu alipomtoa Kabaka 1966, akachaguliwa Yusuf Lule. Lule kakaa siku 68 katolewa, akaja Binaisa, naye Mei 1980 akatolewa na tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga, mtu wa Obote. Tarehe 27 mwezi huohuo Obote akatua Bushenyi. Desemba 1980 uchaguzi ambao unabishaniwa mpaka leo, akarudi ikulu. Karibu miaka kumi. Halafu Julai 1985 akapinduliwa tena na maafisa wake walewale, na safari hii hakurudi mpaka kufa kwake 2005.

Unachochukua hapo kwenye daftari lako ni kwamba jirani akishinda vita, sio lazima akukabidhi kiti wewe. Yeye ana hesabu zake. Kwahiyo mtu akikuambia "jirani ataingia kijeshi", gawanya mara mbili: uwezekano wa kuingia, halafu uwezekano wa kumrudisha huyuhuyu akishaingia. Ukisema 30 kwa 100 ataingia na akiingia nusu kwa nusu atamrudisha, jibu ni 15 sio 30.

Saa inavyokula

Ukipanga visa vya kurudi kwa muda unaona kitu cha ajabu kidogo, havijatapakaa sawasawa. Kuna kundi la siku mbili mpaka wiki moja hivi: M'ba, Chávez, de Menezes, Kafando, Jawara. Kuna kundi la miezi mpaka miaka mitatu ambalo karibu lote limeletwa na jeshi la nje au mamluki: Kabbah, Aristide, na Ahmed Abdallah wa Komoro aliyetolewa Agosti 1975 akarudi Mei 1978 na mamluki wa Bob Denard. Afu kuna kundi la wazee, ambao dunia ilishawasahau. Dacko wa Afrika ya Kati alitolewa na Bokassa usiku wa kuamkia 1966, Wafaransa wakamrudisha Septemba 1979 Bokassa akiwa Libya. Belaúnde wa Peru, 1968 mpaka 1980, kwa kura. Perón wa Argentina, 1955 mpaka 1973, kwa kura, miaka 18. Vieira wa Guinea-Bissau 1999 mpaka 2005, kwa kura.

Ndo maana mimi nikifika siku ya kumi na hakuna kikosi kilichogoma, nashusha namba nakuwa mgumu. Ila sishuki mpaka sifuri kama swali halina tarehe, kwa sababu mwanasiasa akiwa hai na ana chama, miaka kumi ni kitu kidogo. Aliyefia gerezani au uhamishoni ndo basi, Morsi wa Misri alifia mahakamani Juni 2019, Nkrumah alifia Bucharest 1972.

Sikiliza maneno yanavyobadilika

Matamko nimeyaponda, lakini yana kazi moja, yanakuonyesha wenye nguvu wameshakata tamaa lini. Mwanzo wanasema "arudishwe madarakani mara moja bila masharti". Baada ya wiki kadhaa wanasema "utaratibu wa kikatiba urejeshwe". Umeona? Mtu katoka, katiba imeingia. Halafu inakuja "kipindi cha mpito kiwe kifupi". Hapo tayari wanajadiliana na aliyepindua. Na mwisho kabisa "aachiwe huru kwa sababu za kiafya". Ukisikia hiyo ya mwisho, wameacha kupigania kiti wanapigania uhai.

Na saini yake ni muhimu. Keïta alitokea kwenye televisheni usiku wa manane na barakoa usoni akasema anajiuzulu hataki damu imwagike. Kaboré barua ya mkono. Ukishaona hivyo shusha, maana jirani aliyetaka kuingia kwa jina lako amenyang'anywa sababu. Asiposaini usiongeze sana lakini, Bazoum hakusaini na kiti hakijarudi.

Namna ya kuandika kwenye daftari

Tuipitishe Niger siku kwa siku, ungeandika hivi. 26 Julai, walinzi wa ikulu wamemfungia rais, jeshi bado halijasema kitu: 30. 27 Julai, mkuu wa majeshi anatoa tamko kwamba wanaungana na waliopindua ili kuepusha umwagaji damu: 10. Hii ndo siku kubwa kuliko zote, na ilipita watu wengi wakiwa wanaangalia video za bendera za Urusi. 30 Julai, ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, inatoa siku saba na kutishia nguvu: panda mpaka 15, sio zaidi, maana tishio lenye tarehe linaweza kuwa kweli. Mali na Burkina wanatishia, Seneti ya Nigeria inamwambia Rais wao Tinubu hapana: 10. Siku saba zinaisha tarehe 6 Agosti hakuna aliyevuka mpaka: 5. ECOWAS inasema inaandaa kikosi cha akiba: bado 5, kikosi cha akiba kwenye karatasi hakina viatu. Februari 2024 vikwazo vikaondolewa na Bazoum bado yuko ndani: 2. Machi 2025 Tchiani, jenerali aliyempindua, anaapishwa kwa miaka mitano: 1.

Kuhesabu nani mkali kijiweni ni rahisi. Chukua namba yako uigeuze kuwa desimali, toa na kilichotokea, karudi ni 1, hajarudi ni 0, kisha zidisha hiyo tofauti kwa yenyewe. Uliyesema 90 kwa 100 anarudi na hakurudi, 0.9 mara 0.9 unapata 0.81. Mwenzako aliyesema 10 anapata 0.01. Mwenye alama ndogo ndo bingwa. Uzuri wa hii hesabu inawaumiza wale wanaojifanya wana uhakika wa asilimia mia, wakikosea wanakula 1 nzima na mtaa mzima unaona. Daftari akae nalo mtu ambaye hajaweka dau, sisi huwa tunampa mama anayetuuzia kahawa, yeye siasa za nje hazimhusu na hana mshikaji. Wazee wenye heshima zao waandike kama wengine, shikamoo unampa ila namba yake inabaki ilivyo.

Kwa yoyote atakayeniuliza Bazoum sasa hivi mimi nimeandika 1 kwa 100 kabla ya 2030, na nitapandisha kwa vitu viwili tu: kikosi kikubwa cha Niamey kikagoma dhidi ya Tchiani, au Bazoum mwenyewe akatoka kizuizini akafika nchi yenye jeshi na sababu. Kauli mpya ya Umoja wa Ulaya hamnisikii nikibadilisha kitu.